Nilivyompikia Mama Mkwe Chakula cha Milano, Juu ya Milima ya Uluguru

*Kwao ardhi ni ya ukoo wa mama na mume ndiye mgeni. Nilibeba nyama, mchele na zafarani, nikapanda Mgeta kujibu swali nililokuwa nimelikwepa mwaka mzima.*

Kama umeoa Mluguru, jiandae, kuna siku utaulizwa. Mimi niliulizwa kwa simu, saa tatu usiku, mke wangu akiwa ameweka spika makusudi ili nisikie.

"Mkwe, lile shamba mnalichukua au nimpe mwingine?"

Shamba lenyewe lipo Mgeta, ubavuni mwa Milima ya Uluguru. Ni eka moja na robo, lina kijito chini na mifyulisi miwili juu. Mama mkwe alitaka kumpa binti yake, yaani mke wangu, tujenge na tulime. Zawadi nzuri, au siyo? Tatizo ni kwamba Waluguru wanahesabu ukoo, wenyewe wanaita lukolo, kupitia kwa mama. Ardhi ya lukolo inakaa kwa wanawake na watoto wao. Mume anakaribishwa, analima, anakula, anaheshimiwa, lakini ardhi haiwi yake hata siku moja. Mimi ni Mpare. Kwetu mwanaume anajenga kwa baba yake, mke ndiye anayehamia. Nilipowaeleza washikaji kijiweni walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kumbe na wewe unaolewa!"

Basi mwaka mzima nikawa napiga chenga. Mara nasema tusubiri mvua zipite, mara ada za shule. Usiku ule nikaishiwa visingizio. Nikasema, "Mama, nitakuja mwenyewe nikujibu." Halafu, sijui nini kilinituma, nikaongeza: "Na nitakupikia."

Simu ikanyamaza kidogo. Mke wangu akanigeukia macho yamemtoka.

Msomaji, hapa lazima nikuelezee kitu. Mimi ni mpishi kwa kazi. Nilijifunza Zanzibar, pwani ya Kiwengwa ambako watalii wa Kiitaliano ni wengi, chini ya mpishi mzee aliyezaliwa Milano. Mwaka 2020 ndege zilipoacha kuja nikahamia Dar, na mpaka leo napikia watu wengine siku sita kwa wiki. Nyumbani? Sipiki. Narudi nimechoka, mke wangu ndiye anayeshika mwiko. Chakula ninachokiweza kuliko vyote, ossobuco na risotto, alikuwa hajawahi kukionja. Aliwahi kuniambia neno moja likaniingia kama mwiba: "Wageni wa hotelini wanakujua kuliko mimi."

Kwa hiyo safari hii nilikuwa na wanawake wawili wa kuwajibu.

Mji kasoro bahari

Tuliondoka Dar jioni kwa treni ya umeme, ile ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Chini ya saa mbili tumeshuka Morogoro. Enzi za basi ungekuwa bado unahangaika na foleni ya Kibaha. Tukalala mjini, na asubuhi nilipofungua dirisha, Uluguru ilikuwa pale pale ilipo siku zote, imesimama nyuma ya mji kama ukuta, kichwa kimejifunika wingu. Wenyeji wanauita mji wao "mji kasoro bahari", maana yake wana kila kitu isipokuwa maji ya chumvi. Ukiona milima ile asubuhi hutabishana nao.

Saa moja niko bucha. Ossobuco kwa Kiitaliano ni "mfupa wenye tundu". Ni nyama ya muundi, ule mguu wa chini ya goti, inayokatwa duara duara kwa kupitisha kisu na msumeno hadi ng'ambo, ili kila kipande kibaki na mfupa wake katikati na uboho wake ndani. Watu wa Milano wanautumia muundi wa ndama. Ni chakula wanachojivunia kweli kweli: Pellegrino Artusi, aliyeandika kitabu maarufu cha mapishi ya Italia mwaka 1891, alikiri kwamba hiki ni chakula cha kuwaachia wenyewe wa Milano, na mwaka 2007 manispaa ya mji huo ikakiweka rasmi kwenye orodha ya vyakula vyake vya asili.

"Bosi, una ndama?"

Yule mwenye bucha akanitazama kama nimemtukana. "Ndama? Nani anachinja ndama? Ndama si ndiyo ng'ombe wa kesho!"

Sikubishana, maana ana haki. Mfugaji wetu hachinji ndama ili nyama iwe laini. Nikaomba muundi wa nyuma wa ng'ombe mdogo mdogo. Akautoa, mzuri, mwekundu, akanyanyua shoka.

"Hapana! Shoka hapana, kaka!"

Shoka linapasua mfupa. Vipande vidogo vinaingia kwenye nyama, na uboho unamwagikia kwenye mchuzi kabla haujaiva. Nilimweleza nataka duara, unene wa vidole viwili. Akacheka, akanielekeza bucha ya pili yenye mashine ya umeme ya kukatia mifupa. Dakika tano nikapata vipande sita vya duara, kila kimoja na jicho lake jeupe katikati.

Mchele ambao hakuna anayeutaka

Kutoka hapo tukaingia Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2021. Mke wangu akanikumbusha, kwa sauti ya mtu anayechomekea, kwamba Kingalu ni jina la cheo cha machifu wa Waluguru, na kwamba cheo hicho kinarithiwa kwa kufuata damu ya upande wa mama. "Hata uchifu," akasema. Nikajifanya nachagua vitunguu.

Sasa mchele. Risotto inapikwa kwa mchele mfupi, mnene, wenye wanga mwingi wa kunata. Wataliano wana Arborio na Carnaroli. Unaukoroga huku unaongeza supu ya moto upawa kwa upawa, wanga unatoka taratibu, mwisho unapata kitu kizito kinachotiririka, huku kila punje imebaki na kiini kigumu kidogo. Mchele wetu wa Kilombero una tabia nyingine kabisa: mrefu, unanukia, na sifa yake kubwa ni kuchambuka.

Ningeweza kununua pakiti ya Carnaroli kwenye supamaketi Dar. Niliiangalia bei, nikairudisha. (Nimeshasema mimi ni Mpare, msinicheke.) Nikafanya jambo ambalo kama mpishi nalifahamu. Mchele uliokaa muda mrefu baada ya mavuno unachambuka. Mchele mpya unashikana.

"Huu hapa wa mwaka jana, kaka, unachambuka punje punje," dada muuzaji akaniambia.

"Nataka mpya. Unaoshikana."

"Unaoshikana?" Akamgeukia mke wangu. "Dada, huyu umempata wapi?"

Tukacheka wote watatu. Kilo mbili za mchele ambao kila mama pale sokoni anaukwepa, tena kwa bei nafuu. Zafarani nilikuwa nimeibeba kutoka Dar, kijikopo kidogo kuliko kiberiti, pamoja na kipande cha jibini ngumu ya Kiitaliano. Mvinyo mweupe ulikuwa wa Dodoma, nchi ya zabibu.

Kupanda Mgeta

Kutoka Morogoro unashika barabara ya Iringa, ukifika Sangasanga unakunja kushoto. Hapo ndipo mchezo unapoanza. Njia inapanda, inajikunja, inapanda tena. Upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine korongo ambalo ukilitazama unaanza kukumbuka madhambi yako. Tulipishana na Fuso zimejaa kabichi na karoti, zinashuka kuelekea Dar. Masikio yakaziba. Hewa ikapoa. Mke wangu akavaa sweta, mimi nikajifanya sisikii baridi mpaka meno yakanisaliti.

Halafu Mgeta inafunguka. Matuta yamekatwa ubavuni mwa mlima kama ngazi, moja juu ya jingine, kijani cha kabichi, kijani cha njegere, kijani cha viazi, hadi macho yanachoka. Mboga hizi zilianza kulimwa hapa enzi za ukoloni. Lakini usidhani kila tuta la Uluguru lilichimbwa kwa hiari. Mwaka 1955 serikali ya Mwingereza ilipowalazimisha watu kuchimba matuta, upande wa Matombo kulizuka ghasia na damu ikamwagika. Juu ya mashamba kuna msitu, ambao tangu mwaka 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia, na vilele vinavyozidi mita 2,600. Mito inayotoka humo inalisha Ruvu, na Ruvu ndiyo inayolisha Dar. Yaani maji ninayopikia kazini nilikuwa nimeyafuata mpaka chanzo chake.

Mama mkwe alikuwa anatungoja mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibuni, poleni na mlima." Akautazama mfuko wangu wa nyama, kisha akanitazama mimi. "Jiko lile pale."

Jikoni kwa mwenyewe

Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake, hata kwa dawa. Pale niliinama mlangoni nikaingia, moshi ukanipokea, na yeye akavuta kigoda akakaa pembeni. Hakusema kitu. Nimepikia mabalozi sijawahi kutetemeka namna ile.

Karoti na vitunguu vilitoka bustanini kwake, na seleri pia, ile ambayo wauza mboga wengi wanaiita figili. Nikavikatakata vidogo. Nyama nikaichanja kidogo kwenye ngozi nyembamba inayoizunguka, la sivyo inajikunja kama kikombe. Nikaipaka unga, nikaikaanga kwenye siagi na mafuta mpaka ikawa kahawia pande zote mbili. Nikaitoa, mboga zikaingia, moto mdogo, zikalainika. Nyama ikarudi, mvinyo ukafuata.

"Hiyo ni divai?" Mama aliuliza. Yeye ni Mkatoliki wa Mgeta, hakushtuka. "Naona umetupeleka misa kabisa."

Milano wangeiacha ndani ya oveni au juu ya moto mdogo kwa saa moja na nusu, mbili. Mimi nilikuwa na mafiga matatu na muundi wa ng'ombe ambaye ameshatembea. Halafu kuna jambo la mlima: ukiwa juu namna ile, maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwa hiyo nyama inachelewa kuiva. Nilipiga hesabu nikaona giza linatukuta. Moto wa chini ulikuwa unashika sana, mboga zikaanza kugusa tako la sufuria.

Nikasikia kigoda kikisogea. Mama mkwe alichukua koleo, akapunguza kuni, akachota makaa akayapanga juu ya mfuniko. Akapalia, vile vile anavyopalia wali.

"Moto ukae juu na chini," akasema. "Sasa iache. Usifunue funue."

Msomaji, hiyo ndiyo oveni. Yule mzee wa Milano alinifundisha miaka miwili kuhusu joto linalozunguka sufuria, na mama huyu alikuwa nalo jikoni siku zote. Saa tatu na nusu nyama ilikaa pale. Tulikaa nayo. Na kwa kuwa huwezi kukaa saa tatu na mtu jikoni bila kuongea, tuliongea.

Aliniambia shamba lile alipewa na mama yake, naye na mama yake. Aliniambia mume wake, marehemu baba mkwe, alitoka ng'ambo ya mlima akiwa na jembe moja, na matuta yote ya chini ni kazi ya mikono yake. "Siyo yake kwa ukoo," akasema. "Lakini mpaka leo watu wakipita wanasema haya ni matuta ya fulani. Hakuna anayesema ni yangu."

Sikujibu. Nilikuwa nakata limao, nikaendelea kulikata hata lilipokuwa limeshaisha.

Mashendea

Saa kumi nikaanza risotto. Nikauchambua mchele vizuri, nikaumimina kwenye siagi na kitunguu. Mama akaruka.

"Hujaosha!"

"Hauoshwi, Mama. Ukiosha, ule unga wake unakwenda na maji, na mimi nautaka."

Akamtazama binti yake. Binti akainua mabega. Nikaweka mvinyo kidogo, kisha supu ya mifupa upawa kwa upawa, nakoroga. Zafarani niliyokuwa nimeiloweka kwenye supu ya moto ikaingia, sufuria nzima ikageuka dhahabu. Milano wanasimulia kwamba wali huu ulianza mwaka 1574, kijana fundi wa vioo vya kanisa kuu alipotia zafarani ya kuchanganyia rangi kwenye wali wa harusi. Ukweli wa kisa hicho waachie wenyewe. Mimi naamini kimedumu kwa sababu kinamhusu mtu aliyekwenda harusini na rangi ya kazini kwake.

Mwisho nikaipua, nikatia siagi na jibini, nikakoroga kwa nguvu. Juu ya nyama nikanyunyiza maganda ya limao yaliyokunwa, kitunguu saumu na giligilani iliyokatwa. Wenyewe wanatumia pasili, lakini bustanini ilikuwepo giligilani.

Tukala mkekani nje, ukungu ukishuka. Mama alichota wali kwanza. Akatafuna polepole.

"Haya ni mashendea," akasema.

Moyo ukaanguka. Mashendea! Wali wa mgonjwa!

"Lakini mashendea ya sikukuu," akamalizia, akachota tena.

Mke wangu hakusema kitu. Alikula nyama, ambayo haikuhitaji kisu, akalamba kijiko, akanitazama. "Hiki ndicho unachowapikia wale?"

"Ndicho."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Haki ya Mungu utanieleza," akasema, na wote tukacheka, ila mimi nilijua hakuwa anatania kabisa. Hiyo nayo ni deni, na nimeanza kulilipa kila Jumatatu, siku yangu ya mapumziko.

Kisha ukafika uboho. Milano wana kijiko chembamba cha kuutolea. Mama aliushika mfupa, akaugonga mara mbili pembeni mwa sahani, akafyonza. Akafumba macho. Kwenye nyumba nyingi nilizokulia, mfupa wenye uboho ni wa baba mwenye nyumba. Pale mwenye nyumba alikuwa yeye. Sufuriani ulibaki mmoja mzuri. Akauokota, akaniwekea kwenye sahani yangu.

"Kula, mkwe. Na lile swali langu?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba, na katiba yake nzima. Tutajenga lakini kwa masharti haya, karatasi ziandikwe vile, ikitokea hivi iwe hivi. Yote ni ya maana, na baadaye tulikaa na wajomba wa mke wangu tukayazungumza moja baada ya jingine, nakushauri na wewe ufanye hivyo. Lakini jioni ile nilitazama yale matuta ya chini, ya mtu aliyekuja na jembe moja.

"Mama, naomba tuta moja la kuanzia. Nipande seleri na pasili."

"Pasili ni kitu gani?"

"Ndugu yake giligilani."

"Kama ni ndugu, itaota," akasema, na kumwita binti yake alete maji ya kunawa.

UKITAKA KUPIKA (watu 4)

*Nyama:* vipande 4 vya muundi, unene wa sentimita 4, vikatwe kwa msumeno. Unga kiasi, siagi gramu 50, mafuta kidogo, kitunguu 1, karoti 1, bua 1 la seleri, glasi 1 ya mvinyo mweupe, supu nusu lita, chumvi. Kaanga nyama, lainisha mboga, mimina mvinyo uchemke upungue, weka supu, funika. Moto mdogo: saa 2 kwa ndama, saa 3 au zaidi kwa ng'ombe. Geuza kwa uangalifu uboho usidondoke. Malizia na maganda ya limao, kitunguu saumu na pasili au giligilani.

*Risotto:* mchele mpya gramu 320 (chambua, usioshe), supu ya moto lita 1 na robo, kitunguu nusu, mvinyo nusu glasi, zafarani kibano kimoja, siagi gramu 60, jibini ngumu gramu 60. Ongeza supu kidogo kidogo. Anza kuonja dakika ya 15. Kula hapo hapo, haingoji mtu.

UKITAKA KWENDA

Treni au basi hadi Morogoro. Mjini nunua nyama na mchele mapema asubuhi. Mgeta nenda na gari lenye nguvu na dereva anayeijua njia, hasa wakati wa mvua. Beba sweta. Mboga usibebe, utachekwa.